Wasomaji Wauliza: Diwani Wetu Katokea Wapi?

Barua nyingi za safari hii zimetoka Bagamoyo, na karibu zote zinamhusu diwani: katokea wapi, alikuwa nani kabla ya kuitwa mheshimiwa, kapitia njia gani. Zilizotutaka tuseme fulani ni mzuri au mbaya tumeziweka kando. Majina ya walioandika hatuyachapi, tunataja kata tu.

Kutoka Nianjema: *Mhariri, salaam. Diwani wetu alipokuwa anaomba kura alituambia amesoma chuo na amewahi kushika kazi kubwa Dar es Salaam. Sasa mtaani wanasema hakuna lolote. Nilimuuliza mtendaji wa kata, akanijibu mambo ya mheshimiwa ni siri. Ni kweli? Na kama si kweli, niende ofisi gani?*

Siri ipo, ila si kubwa kama alivyoipamba mtendaji. Habari za diwani zimetawanyika katika ofisi nne, na kosa la watu wengi ni kwenda ofisi moja na kudai zote.

Anza na fomu ya uteuzi, ile ya udiwani yenye namba 8C. Humo utakuta jina, umri, kazi, anwani, chama, na majina ya wadhamini. Vyeti vya shule hutavikuta, kwa sababu sheria haimdai diwani cheti chochote. Inamdai ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, basi. Kwa hiyo mgombea anayejitangazia stashahada jukwaani halazimiki kuithibitisha mahali popote, na msimamizi wa uchaguzi hana sababu ya kumwuliza. Hapo ndipo uongo mwingi wa kampeni unapopata nafasi ya kukaa.

Fomu hizo hubandikwa nje ya ofisi ya msimamizi msaidizi wa kata, muda wa kurudisha ukishafungwa saa kumi jioni ya siku ya uteuzi. Hukaa wazi hadi saa kumi jioni ya kesho yake, na ndio muda wa mapingamizi. Mwenye akili anapita na simu yake, anapiga picha kila ukurasa. Baada ya hapo karatasi huingia kabatini na kuipata tena ni kazi. Na ujue kwamba kuweka pingamizi ni kazi ya mgombea mwenzake au ya msimamizi mwenyewe. Mwananchi mwenye ushahidi humpelekea mgombea mwingine mapema, tena kwa maandishi. Kumkimbilia saa tisa na nusu ni kumpa mtu ushahidi usiosaidia kitu.

Ofisi ya pili ni ya chama chake. Mara nyingi fomu za chama huuliza zaidi kuliko za tume ya uchaguzi: elimu, ajira, nyadhifa, makosa ya nyuma. Lakini chama si ofisi ya serikali, hakina wajibu wa kukufungulia faili. Katibu wa chama wa kata huwa radhi kusema kwa mdomo yale ambayo kwa maandishi hatayatoa ng'o, na ukiwauliza watu wa matawi mawili matatu tofauti utapata picha isiyo mbali na ukweli.

Ya tatu ni halmashauri. Tovuti ya Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo huweka orodha ya madiwani kwa kata na chama. Tazama kwanza orodha hiyo ni ya awamu ipi, maana baada ya uchaguzi majina ya zamani yanaweza kukaa muda mrefu kabla ya mtu kukumbuka kuyaondoa. Kilicho muhimu zaidi kipo ndani ya jengo: mihtasari ya Baraza la Madiwani pamoja na karatasi za mahudhurio. Mikutano ya baraza ni ya wazi, unaruhusiwa kwenda kukaa nyuma na kusikiliza, na mihtasari yake ni kumbukumbu ya umma.

Ukinyimwa, usigombane na karani. Andika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji, ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Weka jina lako, anwani na namba ya simu, kisha uombe kitu kinachoshikika: “Naomba nakala za mihtasari ya mikutano ya kawaida ya Baraza la Madiwani na karatasi za mahudhurio, kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani.” Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Ofisi ina siku 30 za kukujibu, na siku huhesabika tangu walipoipokea, kwa hiyo bila muhuri huna pa kuanzia kuhesabu. Sheria hii ni ya raia, na gharama za kunakili ni zako.

Barua nyingi za aina hiyo hukwama kwa sababu moja: mwombaji anaandika “naomba wasifu wa diwani na vyeti vyake.” Hizo ni taarifa binafsi, na ofisi ina haki ya kuzikataa. Omba alichokifanya kama diwani. Alichosomea hutakipata kwa njia hiyo, na mwajiri wake wa zamani naye hana wajibu wa kukujibu.

Ya nne ni Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Diwani ni kiongozi wa umma kwa mujibu wa sheria ya 1995. Anapaswa kutoa tamko la mali na madeni yake ndani ya siku 30 tangu ashike wadhifa, na baada ya hapo kila mwaka kabla ya Desemba kuisha. Tamko halibandikwi ukutani, wala huwezi kuingia tu na kulisoma kama gazeti. Njia ya kulifikia inaanzia kwenye lalamiko lenye msingi.

Kama ungetuuliza karatasi moja ya kuanzia, tungekutajia mahudhurio. Mkutano wa kawaida wa baraza hukaa kila robo mwaka, yaani mara nne kwa mwaka, mara 20 kwa kipindi kizima cha miaka mitano. Aliyeingia kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango ana vikao vya kila mwezi juu ya hivyo. Kisha tazama taarifa za kata, ambazo kila diwani huziwasilisha barazani: madarasa mangapi yamefika kwenye lenta, zahanati ipi haina maji, mapato ya kata ni kiasi gani. Taarifa hizo kwa kawaida huandaliwa na mtendaji, diwani akasimama na kuzisoma. Ukiwa umekaa nyuma utajua upesi nani aliisoma kabla ya kusimama na nani anakutana na namba zile pamoja na wewe.

Kutoka Kerege: *Nina miaka 24, elimu yangu darasa la saba, nauza samaki. Nikigombea udiwani watanikubalia?*

Watakukubalia, kaka, umri unatosha na elimu inatosha. Sheria inataka uwe raia wa Tanzania, umetimiza miaka 21, unajua kusoma na kuandika, una makazi yako ya kawaida katika eneo la halmashauri, una njia halali ya kipato, na umedhaminiwa na chama cha siasa. Samaki ni kipato halali. Chama ndicho kikwazo. Mgombea binafsi hayupo: Mahakama ya Rufani ilikataa mwaka 2010, na ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha iliamua 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki, sheria yetu haijabadilika. Kwa hiyo anza na kadi ya chama, na usiichukue wiki moja kabla ya kura za maoni. Wajumbe wa kata wana kumbukumbu ndefu kuhusu nani alikuwa anakuja vikaoni wakati hakuna cha kugombea.

Ukishapitishwa na chama, kazi iliyobaki ni ya karatasi, na hapa vijana wengi huanguka. Unahitaji wadhamini wasiopungua 10, wote wawe wameandikishwa kupiga kura katika kata hiyohiyo. Anayeishi Kerege lakini alijiandikisha Mapinga hakufai. Mdhamini mmoja akiwa ameshamdhamini mgombea mwingine, jina lake linakufa. Kusanya 14 au 15, uhakiki kadi ya kila mmoja kwa macho yako, usikubali “namba yangu naikumbuka.”

Jina lako kwenye fomu lifanane herufi kwa herufi na la kwenye kadi ya mpiga kura. Pwani tuna tabia ya kuandika Ramadhani leo, kesho Ramadhan, keshokutwa Rama, na mpinzani wako anajua kusoma. Usiache nafasi tupu, pasipokuhusu andika “haihusiki.” Kagua muhuri na saini ya kiongozi wa chama kabla hujaondoka ofisini kwao, kwa sababu siku ya uteuzi kiongozi huyo atakuwa hapatikani kwenye simu. Chukua fomu zaidi ya seti moja kama wanatoa, jaza ya kwanza kwa penseli, na zote zikikamilika zinakili kabla ya kurudisha. Rudisha asubuhi. Kosa likionekana saa tatu una muda wa kulirekebisha, likionekana saa tisa na dakika hamsini huna.

Tusikufiche pia kwamba karatasi huweza kutumika kama fimbo. Katika uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa wa Novemba 2019, vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa vikilalamika kwamba wagombea wao wameenguliwa kwa makosa ya fomu. Uchaguzi ule unasimamiwa na TAMISEMI, yaani ofisi ya serikali inayoshughulikia serikali za mitaa, wa madiwani unasimamiwa na tume, lakini funzo la penseli ni lilelile.

Kutoka Mapinga: *Mwenyekiti wetu wa kitongoji sasa anautaka udiwani. Hivi ndiyo ngazi yenyewe, lazima uanze chini? Na diwani akishapata, ndiye anayegawa viwanja? Huku kwetu kila shamba likiuzwa husemwa mheshimiwa apate chake.*

Ngazi si lazima, ingawa wengi huipanda: ujumbe wa shina au tawi, uenyekiti wa kitongoji au kijiji, kisha kata. Sababu yake ni ya kawaida tu. Mwenyekiti wa kijiji ni mjumbe wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ndiye katibu. Akikaa pale miaka mitano anakuwa ameshajua bajeti inavyopita, nani anakwamisha nini, na wajumbe wa kata nzima wameshamzoea sura. Mwenyekiti wa kitongoji yuko hatua moja nyuma, yeye anaingia kwenye halmashauri ya kijiji. Si mbaya, ila kata kubwa kama Mapinga ina watu wengi waliohamia kutoka Dar es Salaam wasiomjua mtu yeyote wa kitongoji, na kura zao zina uzito uleule.

Wengine hawapiti huko kabisa. Mfano ulio karibu, ingawa ni wa ubunge: Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga, alitoka chuo kikuu 1975 akaingia kwenye utumishi wa chama, akawa mwanajeshi pia, akateuliwa mbunge na naibu waziri 1988, na ndipo 1990 akachaguliwa jimbo la Bagamoyo, kisha Chalinze kuanzia 1995. Kata haikuwa ngazi yake. Mbunge wa jimbo, hata hivyo, huingia kwenye baraza kama mjumbe kwa sababu ya ubunge wake, ndiyo maana unamwona amekaa na madiwani.

Sasa viwanja. Diwani hana mamlaka ya kugawa ardhi wala ya kuidhinisha mauziano. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999: inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na ugawaji unapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Diwani akisaini karatasi yako ya mauziano, amesaini kama shahidi, sawasawa na jirani yako muuza mkaa. Hakuna sheria inayompa fungu katika bei ya shamba. Anayelidai aandike risiti ya halmashauri, hataandika.

Wala diwani si hakimu wa mgogoro wa shamba. Baraza la kata lina wajumbe wanne hadi wanane, watatu kati yao angalau wanawake, na tangu marekebisho ya sheria ya 2021 kazi yake katika ardhi ni kusuluhisha tu, kwa siku 30. Suluhu ikishindikana shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Watu wa Mapinga na Kiromo wamepoteza fedha nyingi kwa kuamini kwamba neno la mheshimiwa ni hati.

Kutoka Dunda: *Nawasalimu wote. Katika ukoo wetu inasemwa babu mzaa babu alikuwa diwani wa Bagamoyo tangu kabla ya Mjerumani. Vijana wanacheka, wanasema udiwani umekuja na vyama. Nani yuko sahihi, na tunawezaje kupata habari zake?*

Wazee wako sahihi, bibi, na vijana nao hawajakosa kabisa. Ni neno moja lenye kazi mbili.

Diwani ni neno la Kiajemi lililotufikia kupitia Kiarabu, likimaanisha baraza, ofisi ya kumbukumbu, na hata mkusanyiko wa mashairi. Washairi wetu bado huviita vitabu vya mashairi yao diwani. Pwani ya Mrima, kutoka Vumba hadi kusini ya Bagamoyo, lilikuwa cheo cha mkubwa wa mji. Vumba kule mpakani mtawala wao aliitwa Diwani. Kwenye miji mingine ya Mrima diwani na jumbe yalikuwa maneno yanayokaribiana sana, na mji mmoja uliweza kuwa na majumbe kadhaa kwa wakati mmoja, kila mmoja na watu wake na mtaa wake. Bagamoyo vyeo hivyo vilishikwa zaidi na koo za Mashomvi. Mtu hakupigiwa kura: alitoka katika ukoo unaostahili, akakubaliwa na wakubwa wenziwe, akatoa ada na kuulisha mji, akavikwa kilemba. Asiye na uwezo wa kuulisha mji alibaki na nasaba yake bila cheo.

Baadaye akaja liwali, mtu wa Sultani wa Zanzibar, na majumbe wakawa chini ya kivuli chake ingawa ushuru na heshima zao hazikuisha. Wajerumani walipoishika pwani baada ya vita vya 1888 na 1889, Bagamoyo ikawa makao yao makuu hadi 1891. Wakaweka maakida, maofisa wenyeji wa kusimamia vijiji kadhaa, na jumbe wakamgeuza kuwa mtumishi wa chini wa kukusanya kodi ya nyumba iliyoanza miaka ya mwisho ya karne ile. Kwa hiyo ukisikia “babu alikuwa jumbe,” uliza ni jumbe wa lini. Wa 1870 na wa 1905 ni watu wawili tofauti kwa kazi na kwa namna walivyopendwa.

Waingereza walileta mamlaka za wenyeji kwa sheria ya 1926, na sheria ya 1953 ndiyo iliyofungua mlango wa mabaraza yenye wajumbe wa kuchaguliwa. Utawala wa machifu ulifutwa 1963, lakini neno diwani likabaki na kupewa kazi mpya, ya mjumbe wa baraza anayepigiwa kura. Mwaka 1972 serikali za mitaa zikavunjwa, madaraka na fedha zikaenda kwa wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya. Za mijini zilirudi 1978. Za wilaya zilirudishwa kwa sheria za 1982, zikaanza kazi 1984, na udiwani tunaoujua leo unasimama juu ya sheria hizo.

Kutafuta: anzeni nyumbani, kwa shajara ya ukoo, hati za zamani za mashamba ya minazi zilizoandikwa kwa Kiarabu, na makaburi yenye maandishi. Andikeni majina matatu au manne ya nasaba, si mawili, maana akina Mwinyi fulani ni wengi mno. Kisha Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ambako zipo kumbukumbu za Wajerumani na vitabu vya wilaya vya Waingereza. Humo maofisa waliandika orodha za maliwali, maakida na majumbe pamoja na hadithi za koo. Utahitaji kibali cha kusoma, kwa hiyo ulizia masharti kabla ya kupanda basi. Habari za enzi ya Sultani ziko Nyaraka za Zanzibar, Kilimani. Kumbuka makarani wa Kijerumani waliandika majina kwa masikio yao, basi mtafute babu kwa tahajia tatu au nne.

Na mzee wa familia anayesema alikuwa diwani kati ya 1972 na 1984, msimkatalie. Halmashauri za maendeleo za wilaya zilikuwapo na zilikuwa na wajumbe wa kuchaguliwa. Walichokosa ni mfuko wa fedha.

Kutoka Zinga: *Diwani analipwa mshahara kiasi gani?*

Halipwi mshahara, analipwa posho. Kwa miaka mingi posho ya mwezi ilikuwa shilingi 350,000, ukiacha posho za vikao na nauli. Zamani ilitoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, kwa hiyo halmashauri maskini ilikuwa inakaa miezi bila kulipa. Kuanzia mwaka wa fedha 2021/22 Serikali Kuu ilichukua jukumu hilo kwa halmashauri nyingi zenye mapato madogo. Ukipiga hesabu ya misiba, harusi, michango ya ngoma na mafuta ya pikipiki ndani ya kata moja, utaelewa kwa nini mtu asiye na shughuli yake pembeni hubanwa haraka, na kwa nini sheria inataka awe na kipato chake kabla hajaingia.

Kutoka Magomeni: *Mimi ni mama wa vikundi. Nimeambiwa nigombee viti maalum. Je, nitakuwa na kata yangu?*

Hutakuwa nayo, mama. Madiwani wanawake wa viti maalum hawapungui theluthi moja, na vyama hugawiwa nafasi hizo kulingana na kata vilivyoshinda ndani ya halmashauri. Bagamoyo ina kata 11 tangu Chalinze ilipopata halmashauri yake, kwa hiyo nafasi ni chache na msukumano wake uko ndani ya chama, kwenye mkutano wa jumuiya ya wanawake, si kwa wapiga kura wa mtaani. Nafasi yako katika orodha ya chama ndiyo inayoamua: chama kikipata viti vitatu, wa nne anabaki nyumbani.

Ukipita, kura yako barazani ni sawa na ya diwani wa kata, na unaingia kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata unakoishi. Ugumu huanza hapo. Diwani wa kata hudhani umekuja kumnyemelea kiti cha awamu ijayo, na mara nyingi hajakosea. Shika eneo ambalo yeye halifuatilii. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, isiyo na riba, ina kazi ya kukutosha. Vikundi huangushwa na katiba ya kunakili, akaunti yenye saini za watu wa nyumba moja, na mradi usio na hesabu. Ukivisaidia kuyarekebisha hayo matatu kabla ya maombi kufika kwa afisa maendeleo ya jamii, jina lako litajulikana bila bango.

Kutoka Tanga mjini: *Huku kwetu tuna meya, Bagamoyo wana mwenyekiti. Nani mkubwa?*

Hakuna mkubwa wala mdogo. Tanga ni jiji tangu 2005, na majiji na manispaa huongozwa na meya. Halmashauri ya wilaya huongozwa na mwenyekiti. Wote ni madiwani waliochaguliwa na madiwani wenzao kwa kura ya siri, baada ya wajumbe kuapishwa katika mkutano wa kwanza. Kiti ni cha kipindi chote cha baraza, ila naibu au makamu huchaguliwa upya kila mwaka. Mkurugenzi ni mtu mwingine: huyo huteuliwa na Rais na ndiye katibu wa baraza.

Kutoka Makurunge: *Diwani wetu haonekani, amehamia mjini. Tunaweza kumwondoa?*

Nyinyi wapiga kura hamna njia ya kumrudisha nyumbani kabla ya muda wake. Sheria ndiyo inayo: akikosa mikutano mitatu ya kawaida ya baraza mfululizo bila ruhusa ya mwenyekiti, amepoteza kiti. Ndiyo sababu wengi wasioonekana kijijini huonekana barazani walau kila mkutano wa tatu, wakatia saini na kuondoka kabla ya chakula. Akifukuzwa au kujitoa kwenye chama chake, kiti pia kinakwenda. Novemba 26, 2017 ulifanyika uchaguzi mdogo katika kata 43 za nchi, na miongoni mwa sababu ni madiwani waliojiuzulu na kuhama, wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais wa wakati huo, John Magufuli.

Mkishatimiza ushahidi wa mikutano mitatu, pelekeni nakala za mahudhurio kwa mkurugenzi kwa barua yenye muhuri wa mapokezi. Angalieni kwanza kama moja ya hiyo mitatu haikuwa mkutano maalum. Huo hauhesabiki.